Matone Chini ya Ulimi

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Wewe ambaye daftari hili limefika mikononi mwako, nakuomba kwa jina la yeyote unayemheshimu: usimsomee mtu, usilinakili, usiliache wazi mezani unapokwenda kunywa maji. Humu mna namba za damu za watu, na leo asubuhi nimetia sahihi karatasi kwamba sitazitoa nje ya kituo. Tayari nazitoa, siku ile ile ya kwanza. Sina mahali pengine pa kuiweka hofu yangu.

Naitwa Nadia. Nina miaka ishirini na mitatu. Kuanzia leo mimi ni karani wa mapokezi katika kituo cha afya cha mtaa wetu hapa Kisangani. Naandika jina, umri, uzito, homa na tansio, yaani nguvu ya damu ndani ya mishipa. Tansio naipima mwenyewe kabla mgonjwa hajaingia kwa muuguzi. Hapa tunaitaja kwa kifupi: kumi na mbili kwa nane ni nzuri, 12/8; kumi na sita kwa tisa ni ya kuangaliwa; ikifika ishirini watu wanashika vichwa.

Nilisoma udaktari miaka miwili, hapa hapa mjini. Baba alipofariki niliacha. Alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamtoka mkononi, akasema neno ambalo halikuwa neno, na siku ya tatu tukamzika. Hakuwahi kupimwa tansio hata mara moja. Tangu hapo nalelewa na mdogo wake, Tonton Mohamadi, fundi cherehani. Naye hajawahi kupimwa. Hilo linaniogopesha kuliko kazi yenyewe.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Wagonjwa tisa. Sikukosea jina la mtu.

Ijumaa, 6 Septemba

Muuguzi mkuu, ambaye watu humwita Titulaire, ni Papa Faustin. Yuko hapa mwaka wa ishirini na moja sasa. Ana sauti ya chini na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Anajua watoto wote wa mtaa kwa majina, kwa kuwa wengi mama zao aliwazalisha yeye.

Sifa yake kubwa ni matone. Mtu akija na tansio ya juu, Papa Faustin huchukua kidonge laini chenye mafuta ya manjano ndani, hukitoboa kwa sindano, humwambia mgonjwa anyanyue ulimi, kisha huminya. Baada ya nusu saa namba imeshuka. Watu wanakuja hadi kutoka Yanonge kwa ajili ya matone hayo.

Hapa hakuna anayekubali kurudi nyumbani na ishirini. Wanakaa kwenye benchi la ukutani, tunaliita benchi la kuteremka, wakingoja namba ishuke kama watu wanaongoja chakula kiive. Ikishuka, wenzao wanapiga makofi. Leo mama mmoja aliondoka na kumi na tatu, wakamshangilia kama aliyefaulu mtihani wa serikali. Nami nilipiga makofi.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepitia rejista ya miezi iliyopita. Siku za mvua namba ziko juu kuliko siku za jua. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Ziko juu.

Nadhani najua sababu. Watu wanafika wamelowa, wamepanda toleka, zile baiskeli za abiria, huku mvua inawapiga, nami nawavalisha kitambaa cha kupimia papo hapo. Baridi ikigusa ngozi, mishipa midogo ya ngozi hujibana ili joto lisitoroke. Damu ni ile ile, njia imekuwa nyembamba, nguvu inapanda. Profesa wetu alikuwa akisema mshipa si bomba. Bomba halijui kitu. Mshipa umezungukwa na msuli mwembamba unaobana na kulegea saa zote bila kutuuliza ruhusa, na hapo ndipo mwili unapoamua ni kiungo gani kipate damu na kwa kiasi gani. Upana wa mshipa ukipungua kwa nusu, damu inayopita haibaki nusu. Inabaki sehemu moja kati ya kumi na sita. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza sikula mchana ule.

Nilimwomba Papa Faustin tuwaache watu wakae dakika kumi, wajifute maji, ndipo tuwapime, mkono umelala mezani.

"Nadia, unataka kuleta université hapa?" Akacheka. "Bon. Dakika kumi. Lakini batu bakianza kupiga kelele, utawajibu weye."

Walipiga kelele. Niliwajibu.

Jumatatu, 16 Septemba

Namba zimepungua. Papa Faustin amesema mbele ya wote, "Ile ni kazi ya Nadia." Nilijificha nyuma ya rejista.

Jumapili, 22 Septemba

Chakula cha mchana nyumbani: lituma, ndizi za kupondwa, na makayabu, samaki wa chumvi. Tonton anapenda samaki huyu akiwa na chumvi yake yote. Djamila, binti yake, akimloweka sana Tonton analalamika kwamba anakula karatasi.

"Tonton, kesho pita kituoni nikupime," nikasema.

"Unipime nini? Mwenye kupima batu ni miye. Shingo, kifua, kiuno."

"Dakika kumi tu."

"Docteur nusu," ndivyo anavyoniita tangu nilipoacha chuo, "mutu akitafuta ugonjwa, ataupata. Baba yako alikuwa muzima mpaka siku ile."

"Hakuwa mzima, Tonton. Hakujua."

Akaacha kutafuna. Djamila akanikanyaga mguu chini ya meza. Kisha Tonton akasogeza sahani yake mbele. "Djamila, ongeza makayabu."

Jumanne, 1 Oktoba

Nitaandika polepole ili nisisahau mpangilio.

Saa mbili na nusu alifika Mama Fortunée, miaka hamsini na miwili, muuza chikwange, ile mikate ya muhogo. Alikuja kwa pirogi, mtumbwi wa abiria, kutoka Yanonge. Alikuja kwa sababu ya goti. Nilimketisha dakika kumi, nikampima: 23/13. Nikarudia mkono wa pili: 23/13.

"Kichwa kinauma, Mama?"

"Hapana."

"Macho?"

"Macho iko bien. Goti, mwanangu! Nilikuya juu ya goti, na munanipatia tansio!" Benchi zima likacheka, naye akacheka kuliko wote.

Papa Faustin alimpa matone. Mama akasema pirogi yake inarudi saa sita na hataki kuachwa, basi akatoboa kidonge cha pili. Nilimtafutia nafasi mwishoni mwa benchi, karibu na ukuta. Sikujua kama kuna kitu cha kusema.

Dakika ishirini baadaye nilimpima: 12/7. Niliitaja kwa sauti kama desturi ilivyo, watu wakapiga makofi. Mama Fortunée akasimama, akainama kuchukua kapu lake. Mkono wa kulia haukulishika. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa pale. Akajaribu tena. Halafu akanigeukia kuniambia jambo, na lililotoka halikuwa neno.

Nimelisikia hilo mara moja kabla, kwenye meza ya chai.

Papa Faustin alikimbia. Alimlaza, akamnyanyua miguu, akaita gari, akampakia kwa mikono yake mwenyewe kwenda hospitali kubwa. Aliporudi, shati lake jeupe lilikuwa na matope hadi kwapani. "Tansio ilimupiga," akasema. "Alichelewa kukuya."

Namba yake ya mwisho niliiandika mimi. Ilikuwa nzuri kuliko zote za siku hiyo.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimefungua madaftari yangu ya mwaka wa pili. Yananuka ukungu. Nilichokitafuta kipo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na pembeni nimeandika "muhimu". Kisha nikasahau.

Mishipa ya ubongo ina kazi yake. Nguvu ya damu ikipanda, inajibana; ikishuka, inajifungua; ubongo unapata kiasi kile kile. Hivyo unaweza kuinama, kusimama, kukasirika, na kichwa kisijue. Lakini uwezo huo una mipaka yake, juu na chini. Mtu aliyeishi na ishirini na tatu kwa miaka, kuta za mishipa yake zimenenepa, na mipaka yote miwili imehamia juu. Mwili wake umejenga nyumba huko. Ukimshusha hadi kumi na mbili kwa dakika ishirini, mishipa ya ubongo inajifungua hadi mwisho wake, na bado damu haitoshi. Namba tunayoipigia makofi, kwake ni ukame.

Mtu kama huyo ashushwe, ndiyo, maana ya juu nayo inaua. Najua, ilimwua baba. Lakini ashushwe kwa siku na kwa majuma, ili mishipa ipate muda wa kujifunza upya.

Sina hakika kwamba ni matone. Labda mshipa wake ungeziba siku ile hata angebaki Yanonge.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilijaribu.

"Papa Faustin, yale matone... labda yanashusha haraka sana?"

"Ndiyo. Ndiyo uzuri wake."

"Nilisoma kwamba..."

"Ulisoma miaka mingapi?"

"Miwili."

"Miye natoa matone miaka ishirini na moja." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenipa kiti. "Usiogope, Nadia. Kazi yetu inakuwaka hivi. Wengine banakwenda."

Nilirudi kwenye rejista yangu. Nilimchukia hadi saa tisa, tulipofunga.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua. Watu wanne wamepewa matone. Kila mmoja nilimhesabia dakika thelathini nikitazama mkono wake wa kulia. Wote walikwenda nyumbani wakiwa wamesimama. Sasa sitangazi namba kwa sauti. Naisema karibu na sikio. Makofi yamepungua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Djamila anauza vitambaa karibu na hospitali kubwa. Ameniambia kwamba kila jioni saa kumi Papa Faustin anapita na kibakuli cha uji kwa ajili ya Mama Fortunée, anakaa kando ya kitanda, anamfundisha kusema: mukono, maji, mutoto. Hajatuambia kazini. Nilikuwa nimezoea kumchukia. Sasa sijui niiweke wapi chuki hii.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hakuna la kuandika. Mto umepanda.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tonton Mohamadi amekuja.

Djamila ndiye aliyemleta, alitishia kutompikia. Tonton aliingia akisalimia watu kama mgeni wa heshima kwenye harusi, akamwuliza mzee mmoja nani alimshonea koti lile baya. Nilimkalisha dakika kumi. Nilimlaza mkono mezani. Kidole changu kilikuwa juu ya mshipa wake na nilihisi mimi ndiye ninayepimwa.

22/12.

Nilimwambia kitambaa kimekaa vibaya. Nikangoja dakika kumi nyingine. Mkono wa kushoto: 22/12.

"Unaona nini, docteur nusu?"

"Ngoja, Tonton."

Mlango wa Papa Faustin ulikuwa wazi. Niliona sinia. Niliona sindano na boksi la vidonge vya manjano. Benchi la kuteremka lilikuwa na nafasi moja, mwishoni, karibu na ukuta, mahali pale pale alipokuwa Mama Fortunée. Na mimi nilikuwa na kalamu.

Niliandika 16/9.

Naapa sikufikiri. Au nilifikiri kwa mwezi mzima, na mkono ukamaliza. Papa Faustin alisoma rejista, akamtazama Tonton, akatabasamu. "Kumi na sita. Ah, Papa Mohamadi, uko kijana! Punguza chumvi kidogo, rudi mwezi wa kwanza."

Tonton akatoka nje na kidevu juu. Djamila alinibusu shavuni. Niliendelea kuwapima watu kumi na wanne, na namba zao zote ni za kweli.

Jumanne, 29 Oktoba

Nilipanga kumwambia Tonton leo, faraghani, kisha nimpeleke kwa daktari mwingine mahali pengine akapewe vidonge vya polepole. Aliporudi kutoka dukani alikuwa akiimba. Nitamwambia kesho.

Jumatano, 30 Oktoba

Sikumwambia.

Jumapili, 3 Novemba

Lituma na makayabu. Tonton hakutaka samaki aloweshwe kabisa.

"Kumi na sita!" akamwambia jirani aliyepita kusalimia. "Nadia mwenyewe aliandika, na Nadia haandikake uongo hata kidogo. Titulaire amesema miye kijana."

"Tonton, alisema punguza chumvi," nikasema.

"Alisema kidogo. Hii ndiyo kidogo." Akachukua kipande kikubwa. Nilimtazama akikila. Kila mfupa alioutoa mdomoni aliupanga ukingoni mwa sahani, kwa unadhifu, kama anavyopanga pini.

Nilitaka kumkinga na matone. Nimemkinga na dawa yote.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimesema tena habari ya kwenda kwa daktari mwingine. Amejibu, "Mutu wa kumi na sita anaenda kwa docteur kutafuta nini?" Ni jibu zuri. Nililitunga mimi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilipita dukani kwake mchana. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alikosa. Akalamba uzi, akakosa tena. Mara ya tano akampa mteja wake amtungie, akisema mwanga wa leo mbaya, mawingu. Nje kulikuwa na jua kali.

Macho yana mishipa midogo kuliko yote tunayoweza kuiona. Ndiyo hulalamika kwanza.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeandika sentensi nitakayomwambia Papa Faustin. Nimeifuta. Nimeiandika tena.

Jumatatu, 18 Novemba

Nilifika saa moja kamili, kabla ya wagonjwa. Papa Faustin alikuwa akipanga chupa kabatini. Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba ilinibidi niseme kwa sauti jambo nililotaka kulinong'ona.

"Papa Faustin, nimeandika uongo kwenye rejista."

"Jina ya mutu?"

"Namba." Nikafungua ukurasa wa tarehe 28. "Hii kumi na sita ya Tonton. Ilikuwa ishirini na mbili kwa kumi na mbili. Mikono yote miwili."

Akavaa miwani. Aliangalia mstari ule muda mrefu, kama atakayeona namba ya kweli chini ya wino.

"Juu ya nini?"

"Ili usimpe matone."

Akaifunga rejista.

"Uliona miye nitamuua?"

"Nilimwona Mama Fortunée."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Sijawahi kumwona pale. Alinyoosha mkono. "Leta ile daftari yako ya université."

Nilikuwa nalo mfukoni. Nimetembea nalo tangu Oktoba. Alisoma kidole kikiwa chini ya mstari, akarudi mwanzo, akasoma tena. Mgonjwa wa kwanza alibisha hodi, na Papa Faustin akasema "Ngoja" kwa sauti ambayo hata mimi iliniondoa mlangoni.

"Walitufundisha hivi," akasema mwishowe. "Matone mbili, nusu saa, namba inashuka, unamwacha mutu anakwenda. Tulipewa hadi cheti. Hakuna mutu alirudi kutuambia kwamba mambo imebadilika." Akavua miwani. "Alors, ni batu ngapi?"

"Sijui, Papa. Wengi walirudi nyumbani salama."

"Hao sikuuliza."

Nilianza kulia, jambo nililojiapiza kutolifanya. Yeye hakulia. Alichukua kipima-tansio changu, akakikunja, akachukua mwavuli.

"Tonton yako iko wapi saa hii?"

Tulitembea kwenye matope, yeye na viatu vyake vile. Dukani walikuwa wateja wawili na Djamila aliyeleta chai. Papa Faustin alisalimia kila mtu, akaomba stuli, akamwambia Tonton aache kukanyaga cherehani na akae kimya dakika kumi. Tonton alitii, kwa mshangao. Mkono ulilala juu ya meza ya cherehani, kati ya makasi na chaki.

23/12. Safari hii Papa Faustin ndiye aliyepima.

"Haiwezekani," Tonton akasema. "Nadia aliandika kumi na sita."

"Nilidanganya, Tonton."

Hakuelewa. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, mbele ya wateja. Alinisikiliza huku akiviringisha uzi kidoleni.

"Ile Jumapili nilikula makayabu," akasema. "Ulikuwa mezani."

"Ndiyo."

"Uliniangalia tu."

"Ndiyo, Tonton."

Akageuza uso ukutani. Kisha, kwa haraka, akamgeukia Papa Faustin. "Bon. Nipe matone. Sasa hivi. Sitakaa na ishirini na tatu mwilini. Kaka yangu alikufa nayo."

Boksi lilikuwa kwenye mkoba wa Papa Faustin, kama siku zote. Niliona mkono wake ukiingia mkobani. Ni mkono uliozoea. Miaka ishirini na moja haujaulizwa swali. Ulitoka na boksi. Aliliangalia. Djamila alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia baba yake anyanyue ulimi.

"Hapana," Papa Faustin akasema.

"Namna gani hapana? Batu ya Yanonge unawapa, miye mutu ya mutaa wako unaninyima?"

"Nakunyima juu ya kuwa niliwapa."

Akarudisha boksi mkobani na kutoa vidonge vya kawaida, kimoja kila asubuhi, vile vinavyofanya kazi polepole. Akamweleza Tonton kwamba mishipa yake imezoea juu, na kwamba atashuka kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ukingo wa mto na mtungi kichwani. Kila Jumatatu tutapima. Kichwa kikiuma sana, mkono ukilegea, maneno yakipotea, hospitali kubwa mara moja, usipitie kwetu.

"Na leo nilale na ishirini na tatu?"

"Umelala nayo miaka mingi, Papa Mohamadi. Leo utalala nayo ukijua."

Tuliporudi, nilichora mstari mwekundu juu ya 16/9, nikaandika 22/12, tarehe, na jina langu lote.

Jumanne, 19 Novemba

Tonton yuko hai. Hasemi nami.

Jumatano, 20 Novemba

Yuko hai. Hasemi nami.

Jumatatu, 25 Novemba

22/12. Alilalamika kwa dakika kumi zote za kukaa. Ni kwa Papa Faustin alilalamika, lakini nilikuwa chumbani, basi ni kama alisema nami.

Alhamisi, 28 Novemba

Papa Faustin amewaambia watu wa benchi kwamba matone yamekwisha. Mzee mmoja akasema, "Yamekwisha dukani ao yamekwisha kichwani mwako?" Mwingine akasema Titulaire amezeeka, tutafute kijana. Wanne wameondoka kwa hasira. Alisimama mlangoni akawaeleza mmoja mmoja habari ya mishipa, kwa maneno yangu yaliyochanganyika na yake, na akatukanwa mmoja mmoja. Kisha akaja mezani kwangu kuomba maji.

Jumatatu, 2 Desemba

20/11. Mvua imepungua.

"Hii dawa yako inatembea polepole kama treni ya Ubundu," Tonton ameniambia. Mimi mwenyewe, si ukuta. Niliandika namba, nikaenda chooni, nikakaa huko kidogo.

Jumatatu, 9 Desemba

19/11. Ametunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la pili tu. Djamila analowesha makayabu usiku kucha, anamwaga maji mara tatu. Tonton anakula na kusema anakula karatasi.

Nilikwenda kumwona Mama Fortunée kwa binti yake. Anatembea kwa kushika ukuta. Alinitambua. Alisema "goti", akaonyesha goti, akacheka kwa nusu ya uso. Nilimwomba msamaha. Sidhani alijua kwa nini, na hakuna atakayejua kwa hakika kama nilistahili kuuomba.

Alhamisi, 12 Desemba

Daktari Émilie, msimamizi wetu, amekuja kukagua. Ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Papa Faustin alimkabidhi maboksi matatu ya vidonge vya manjano kabla hajaketi, akamwambia kila kitu, akaanza na Mama Fortunée. Kisha daktari akafika kwenye mstari mwekundu.

Papa Faustin alinitetea. Alisema bila uongo ule yeye angekuwa bado anatoboa vidonge.

"Naelewa," daktari akasema. "Lakini karani aliyebadilisha namba hawezi kubaki na rejista. Hata kama alikuwa na sababu nzuri." Akanitazama. "Hasa kama alikuwa na sababu nzuri, kwa sababu atarudia."

Nilitaka kusema sitarudia. Nilifikiri kwa uaminifu. Sikusema.

Kuanzia mwezi wa kwanza nitatunza ghala la dawa kwenye kituo cha Ubundu. Nitapanga maboksi. Karani mpya anatoka Isangi, jina lake Hilaire.

Jumatatu, 16 Desemba

18/10. Hilaire alipima, mimi nilisimama nyuma yake. Ni mtu mwoga kama mimi. Anaandika kwa penseli kwanza, halafu anapitisha kalamu.

Ijumaa, 20 Desemba

Hilaire, ni wewe. Nakuachia daftari hili, na lile ombi la ukurasa wa kwanza sasa ni kwako. Tonton asijue kwamba nitapata habari zake. Ataniambia anaendelea vizuri, na atasema hivyo hata kama sivyo.

Simu Ubundu hukatika, na sitaki namba inayofika nusu. Basi fanya hivi. Kila Jumatatu, Tonton akishapimwa, iandike namba yake kwenye kipande cha karatasi, zote mbili, ya juu na ya chini. Vuka mto kwenda Lubunga kabla ya saa kumi. Nyuma ya stesheni ya reli, kwenye kibanda cha mama anayeuza maharagwe, uliza Carlos, mwendesha pikipiki wa Ubundu. Ana kofia ya manjano na hufunga mizigo kwa mpira mwekundu. Mpe karatasi, mwambie "ya Nadia wa ghala". Jumanne jioni itakuwa mkononi mwangu. Kwenye kituo cha Ubundu mlango wangu ni wa mwisho, upande wa mto.

Iandike ile ile uliyoiona. Usiipunguze kwa kunihurumia. Ikiwa mbaya, mpe Papa Faustin kwanza, halafu Carlos.

Na Jumanne Carlos akifika bila karatasi, sitamwuliza kitu. Nitapanda nyuma yake arudipo mjini.